Ufunguo wa Uani kwa Bi Mwanakheri

Menyeni vitunguu nyinyi, mimi nimenye maneno. Anayesikiliza asogee, anayesinzia aweke kisu chini nisije nikalaumiwa. Na nawaambia mapema, jibu la "wagawane" silipokei. Lilishatolewa likakataliwa, na aliyelikataa mtamjua sasa hivi.

Palikuwa na nyumba Pangani, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma ua mpana wenye kisima. Mwenye nyumba aliitwa Bi Mwanakheri, mjane asiyejaaliwa mtoto. Alikuwa na wapangaji watatu, na kila mmoja Mungu alimpa chake.

Mbaruku alikuwa fundi baiskeli, na alipewa mkono. Vidole vyake havikuwahi kutoka grisi, lakini alichokichomeka ardhini kilishika. Watu walisema Mbaruku akiegemeza bakora ukutani akaisahau, ataikuta ina majani.

Mwantumu alikuwa mpishi, akiuza mihogo na maharage ya nazi barazani, naye alipewa ulimi. Akionja mchuzi kwa ncha ya kijiko alikwambia kama nazi ni ya leo au ya jana, na kama uliukoroga umenuna, hilo nalo alilijua. Hakuwa mzawa wa Pangani. Alitoka Amani, kwenye mito ya mlimani, na mwaka alikuwa hajatimiza.

Saumu alikuwa fundi cherehani, na alipewa jicho. Uzi wake uliingia tunduni mara ya kwanza, siku zote. Mshono wako ukiachia aliuona wewe ukiwa bado unatokea kule kona, na alikwambia mbele za watu.

Sasa ule ua. Enzi za mama yake Bi Mwanakheri ulikuwa bustani: bamia, biringanya, mchicha, maboga yanatambaa mpaka kisimani, na asumini pembeni ya ukuta wa jiko. Maharusi wa mtaa mzima walivikwa asumini za ua ule. Mama alipofariki, Bi Mwanakheri aliona uchungu hata kuufungua mlango. Ua ukawa wa makopo, matairi ya Mbaruku na kuku wa jirani. Hatibu, mtoto wa kaka yake, akataka kujenga humo vyumba viwili vya kupangisha. Msimnunie kijana wa watu. Ua unaofuga makopo, mwenye akili yeyote ataujengea.

Mwaka huo Bi Mwanakheri alikuwa ahamie Mombasa kwa mdogo wake, maana magoti yalikuwa yamemchoka. Akawaita wote ukumbini, na Hatibu akiwemo.

"Naondoka msimu ukiisha," akasema. "Siku hiyo nitaingia uani. Nikichuma boga la kupika na asumini za kutia kichwani, kama alivyokuwa akichuma mama, ua utabaki bustani. Nisipochuma, Hatibu, mwaga zege lako."

"Na bustani itakuwa chini ya nani, shangazi?"

"Ya mtu mmoja. Ufunguo wa mlango wa uani ni mmoja. Nitampa yule ambaye bila yeye nisingechuma, na yeye ndiye atakayelimbua."

Mnajua kulimbua, au nimekaa na Wazungu? Zao la kwanza la bustani haligusi mdomo wa mtu kabla ya mwenyewe. Hata mgonjwa husubiri. Mwenyewe akishaonja, ndipo wengine nao hula.

"Bi Mkubwa," Mbaruku akasema, "si tugawane tu, kila mtu na tuta lake?"

"Baba yangu aliacha shamba la minazi ng'ambo ya mto, tukagawana saba. Kila mmoja akapata kijia. Mnazi wangu ukiangusha nazi inaangukia kwa kaka, na mnazi wa kaka unanikausha mimi. Tulikuja kusemeshana tena mazishini tu. Mimi sigawi tena."

Ndio mmesikia. Tuendelee.

Masika yalipoanza, watatu wale wakatoa makopo. Bi Mwanakheri akateremsha akiba ya mama yake, mbegu chache za boga zilizofungwa kitambaani na kutundikwa juu ya moshi wa jiko. Asumini ilibaki kisiki kikavu, na Hatibu alikwisha kuleta jembe aking'oe.

"Ngoja kwanza," Mbaruku akamwambia. Akachukua bisibisi yake ya baiskeli, akakwangua ganda, na ndani akaona ujani mwembamba kama uzi. Akakikata juu, akakizungushia samadi ya mbuzi na makumbi ya nazi yaliyooza. Mbegu za boga akazipanda zikilala ubavu, kila moja na bismillahi yake, akakataza mtu kufukua. Saumu hakuvumilia. Jicho linalotaka kuona kila kitu lina taabu yake. Alifukua mbegu mbili aangalie kama zimechipua, na hizo mbili zikafa. Zilizobaki zote zikaota, na kisiki kikatoa machipukizi mekundu. Bamia na mchicha wala sivitaji, maana la kulimbuliwa lilikuwa boga, na kwa mkono ule vitu hivyo vilikuwa kama mapumziko.

Bi Mwanakheri akaja na mkongojo wake, akashika chipukizi la asumini kwa vidole viwili. "Kisiki hiki mimi nilishakizika moyoni," akasema, na machozi yakamtoka. Bila mkono wa Mbaruku, uani pale pasingekuwa na kitu cha kumwagia maji.

Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mtaa ulimsifu Mbaruku mpaka akaanza kuvaa kofia ya Ijumaa akienda kupalilia. Mvua zikakatika, jua likakaza, wakawa wanavuta maji kisimani. Majani yakaanza kuungua pembeni. "Kiu hiyo," Mbaruku akasema, akaongeza ndoo. Yakazidi kuungua, akazidi kuongeza.

Wakati huohuo maharage ya Mwantumu yakagoma kuiva. Kuni zikaisha, wateja wakaondoka, maharage yakabaki magumu. Mwantumu hakuwa mtu wa kushindwa na maharage. Akaenda kisimani, akachovya kidole, akaonja, akatema.

"Kisima kimeingia chumvi," akawaambia.

Mbaruku akajaza kata akainywa yote. "Matamu haya, dada."

Saumu naye akanywa. "Maji ni yaleyale."

Hata Bi Mwanakheri akaonja, akatikisa kichwa. Mnaona kosa lao? Wote watatu walikulia maji ya visima vile. Kila kiangazi mto ukipungua bahari hupenya chini kwa chini, chumvi ikapanda kidogokidogo, na ndimi zao zikapanda nayo. Walikuwa wakinywa bahari kila mwaka na kuiita maji baridi. Mtu wa nje tu ndiye angeijua chumvi ile.

Mwantumu hakubishana. Alifungua kamba ya ndoo ya kisimani akaifunga kiunoni, ndani ya khanga. "Atakayetaka kuiua bustani kwa maji haya aje anifungue," akasema. Nani angethubutu? Wakaenda bombani juu ya mtaa, wakabeba maji matamu, wakaisuuza ile ardhi kutwa kucha, na maji ya kuoshea mchele ya Mwantumu yakaishia kwenye asumini. Majani mapya yakatoka mabichi kabisa. Tena Mwantumu huyo hakushika jembe hata mara moja. Alisema jembe linaharibu mkono wa kukorogea. Lakini mgeni njoo, mwenyeji apone. Bila ulimi wa Mwantumu, mkono wa Mbaruku ungeimaliza ile bustani kwa mapenzi.

Maboga yakatambaa, yakapanda mpaka ukutani. Maua ya njano kila asubuhi, ua mzima. Na kila jioni yalidondoka, na nyuma yake hapana kitu. Kwa mara ya kwanza Mbaruku akakosa usingizi. Hatibu akaleta mchanga na mifuko ya saruji, akaipanga mlangoni.

"Bustani yenu hii," akawatania, "ni harusi yenye ngoma na pilau, bibi harusi hayupo."

Ilimuuma Saumu kuliko wote, maana mbegu zile mbili alizoua hakuwa amezisahau. Akaacha nguo za watu, akachuchumaa uani, akatazama ua moja baada ya jingine.

"Njooni," akasema. "Haya yana kijiboga kidogo chini ya shingo. Haya hayana."

"Maua ni maua, dada," Mbaruku akasema. Mkono ulikuwa umepanda maboga miaka na miaka bila kujua hilo.

"Si sawa. Haya ni majike na haya ni madume. Na nyuki uani humu sijawaona tangu jirani alipowafukiza moshi darini kwake. Nani atawaoa hawa?"

Aliwaoza mwenyewe. Kila alfajiri, maua yakiwa yamefunguka, Saumu alichuma dume, akalivua majani yake ya njano, akalipakaza kwa jike polepole, kwa mkono wa kutunga shanga. Mengi yalidondoka vilevile. Moja likashika. Kijiboga kikawa ngumi, kikawa kata, kikawa boga, na hilo moja ndilo lililokuwepo. Na vitumba vya asumini alivipitia kwa pini, akitoa viwavi ambao wengine hawakuwaona hata alipowaonyesha. Mwenye macho haambiwi tazama. Bila jicho la Saumu, Bi Mwanakheri angekuja kuchuma majani matupu.

Siku ikafika. Mizigo ukumbini, gari la Mombasa linakuja baada ya adhuhuri. Bi Mwanakheri akaingia uani taratibu. Asumini ilikuwa imechanua ukuta mzima. Akachuma, akazitia nyweleni chini ya mtandio, akasimama akinusa viganja vyake. Halafu akainama na magoti yale yale, akalikata boga mwenyewe.

"Mama," akasema tu, na hakuwa akisema na waliokuwepo.

Akampa Mwantumu boga alipike kwa tui. "Likiiva," akasema, "nitampa mmoja kijiko na ufunguo. Jitajeni wenyewe."

Mbaruku akaanza. "Bi Mkubwa, kisiki kile kilikuwa maiti na mbegu zile zilikuwa za mwisho. Ulimi unaonja kilichopo, jicho linatazama kilichopo. Aliyekifanya kiwepo ni mimi."

Mwantumu akajibu bila kuacha kukoroga. "Kilikuwepo, kaka yangu, na wewe ulikuwa unakiua. Yaliyoota mengi, yaliyosalimika yalisalimika kwangu. Mama mzazi na aliyemtoa mtoto kisimani, mtoto amshukuru nani?"

"Mtoto akiwa tasa je?" Saumu akasema. "Bi Mkubwa hakusema nipandieni, wala hakusema nimwagilieni. Alisema nikichuma. Boga lililochumwa leo nililiozesha mimi, kwa vidole hivi."

"Wewe uliyeua mbegu mbili," Mbaruku akamkumbusha.

"Na wewe uliyenywa kata nzima ya bahari ukaiita tamu," Mwantumu akamkumbusha yeye.

"Na wewe usiyejua mpini wa jembe uko upande gani," Saumu akamalizia, na hapo hata Bi Mwanakheri alicheka.

Hatibu akasafisha koo. "Shangazi, wasipopatana mpaka gari lije, naomba nisilaumiwe. Ufunguo usio na mtu ni wangu."

"Ni wako," Bi Mwanakheri akakubali. "Neno langu ni lilelile."

Boga likaanza kutokota, harufu ya tui na iliki ikajaa uani. Na sasa tazameni jambo. Mwantumu alichota kijiko kuonja, kama alivyofanya kila siku ya maisha yake, akakifikisha mdomoni, akasita. Akionja, atakuwa amelimbua, na hajapewa. Akakirudisha chunguni. Hicho ndicho chungu pekee alichopata kupika bila kukionja. Akamwita Saumu atazame rangi kama limeiva. Saumu akatazama, akasema limeiva. Mbaruku akaipua, kwa sababu vidole vyake havihisi moto.

Chungu kikawekwa katikati ya mkeka. Nje gari likapiga honi. Hatibu akasimama, koleo la zege mkononi. Bi Mwanakheri akashika kijiko mkono wa kulia na ufunguo mkono wa kushoto, akawatazama watatu wale, mmoja, mmoja, mmoja. Asumini zilikuwa zimeanza kulegea nyweleni.

Mimi nimefika mwisho wangu. Najua kuna atakayeniambia apewe atakayeitunza bustani vizuri zaidi. Vyema, lakini ni yupi? Mwenye mkono, kisima kikiingia chumvi tena? Mwenye ulimi, asiyeshika jembe? Mwenye jicho, asiyeweza kuacha mbegu ilale? Na kuna atakayesema Bi Mwanakheri avunje neno lake. Huyo akamenye vitunguu vyake kule mbali nami.

Boga linapoa, chumvi yake haijulikani na mtu yeyote, na dereva amepiga honi ya pili. Je, ungekuwa wewe Bi Mwanakheri, kijiko na ufunguo ungemtilia nani mkononi?