Pimbi, Kiboko na Majani Yasiyoficha Kitu

Mama mkwe wangu, Bi Mwanatumu, alipiga funda moja, akakiweka kikombe chini taratibu, akaniuliza mbele ya watu wote, "Mkwe wangu, dawa hii inanywewa mara ngapi kwa siku?"

Haikuwa dawa. Ilikuwa chai ya kijani ya Uchina, niliyoibeba mwenyewe kutoka huko ndani ya soksi safi, nikiilinda safari nzima kama yai. Tangu jana yake nilikuwa nimewatangazia wakwe zangu kwamba nitawaonjesha kinywaji cha watu wastaarabu. Kisha nikaingia jikoni, nikafanya kama tulivyozoea kwetu: sufuria, majani, moto mkali, chemsha mpaka rangi ikolee. Rangi ikakolea. Uchungu nao ukakolea, mwarobaini ungeona haya.

Shemeji yangu Kombo alinitazama kwa huruma. "Shemeji, Uchina uliishi au ulipita juu kwa ndege?"

"Niliishi. Lakini kule nilikuwa mgeni, na mgeni hapiki."

"Basi na hapa ungebaki mgeni."

Wanawake waliokuwa wakichambua mchele wakainamia nyungo zao, mabega yakitikisika. Mtu mzima mwenye mvi akiaibika ukweni hana pa kukimbilia ila hadithini. Nikakohoa, nikawapigia wito.

"Nabisha kwa hadithi."

"Tumefungua."

"Ina uongo ndani."

"Tutautema."

"Ina kweli ndani."

"Tutaimeza."

Haya. Ilikuwa zamani, nchi kavu, jua halina mzaha. Mito ilikauka, madimbwi yakakauka, ikabaki chemchemi moja tu chini ya majabali. Na ndani ya chemchemi hiyo akalala Kiboko.

Kiboko alilala asubuhi. Kiboko alilala mchana. Kiboko alilala jioni. Akigeuka, chubwii. Akijinyoosha, chubwii. Na kila alichokuwa nacho tumboni alikimalizia humo humo majini, akikipepea kwa mkia wake, pata pata pata, mpaka ng'ambo ya pili. Wanyama wengine walipewa ruhusa ya kunywa baada ya yeye kuoga. Swala walikunywa wakiwa wamefumba macho. Ngiri alikunywa akilaani kimoyomoyo. Wote walikunywa, kwa sababu kiu haichagui.

Kiboko mwenyewe hakuona tatizo. Yeye kila asubuhi alipikiwa chai kwenye chungu kikubwa: maji ya chemchemi hiyo hiyo, maziwa ya nyati, tangawizi ya kutosha, na maji ya miwa mpaka chungu kinanata. Akifunua kinywa, chungu kizima kinaingia. Gubu. Kimekwisha. Maji yenyewe hakuwahi kuyaonja hata siku moja, maana hayakuwahi kumfikia ulimini yakiwa peke yake.

Juu ya majabali aliishi Mama Pimbi. Mnamjua pimbi, mnyama mdogo wa mawe, ukimwona kwa mbali unaweza kumdhania panya aliyeshiba. Alikuwa na mtoto wake wa mwisho, Kipimbi, na Kipimbi alikuwa mgonjwa. Maji machafu yalikuwa yamemkamata tumbo. Mtoto alikuwa haruki tena juu ya mawe. Macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imepasuka, na kila akinywa maji ya chemchemi, alizidi kuisha.

Mama Pimbi alikuwa amegundua ufa mmoja ndani ya jabali, ambamo maji yalidondoka. To. Halafu kimya. To. Halafu kimya kirefu. Aliweka gamba la konokono chini ya ufa, na siku nzima gamba lilikuwa halijajaa. Maji hayo ndiyo aliyokuwa akimnywesha mwanawe. Yalimshikilia, hayakumponya.

Akateremka kwa Kiboko.

"Hodi, Bwana Mkubwa."

"Nani ananong'ona?"

"Ni mimi, Pimbi."

"Sikuoni."

"Niko hapa, mbele ya pua yako."

"Kumbe. Nilidhani jiwe limekohoa. Sema."

"Mwanangu anaumwa, Bwana Mkubwa. Naomba ukae nje ya maji siku chache tu. Yatulie, nimtekee yaliyo safi."

"Maji yana nini?"

Mama Pimbi akayatazama maji. "Yana matope. Yana na mengine."

"Mimi nayanywa kila siku. Naumwa?"

"Huumwi."

"Basi mwanao anadeka. Nenda zako, unanizuilia jua."

Chubwii. Akazama. Mama Pimbi akarudi juu akiwa amelowa matope.

Siku hizo alikuwa na mgeni, Kozi, ndege wa safari ndefu, aliyekuwa amepumzika juu ya jabali lake akitokea Uchina. Kozi alipoona huzuni ya mwenyeji wake, akafungua kifurushi kidogo alichokuwa amekifunga mguuni.

"Sina dawa, dada," akasema. "Nina majani haya tu. Kwao ni heshima kubwa."

Majani yalikuwa makavu, membamba, ya kijani, yananukia kama nyasi zilizonyeshewa jana.

"Yanapikwaje?"

"Hayapikwi. Unachemsha maji, unayaacha yapoe kidogo, unayamwagia. Usitie maziwa. Usitie sukari. Usitie tangawizi. Na nakuonya, majani haya hayafichi kitu. Maji yakiwa matamu, utayajua. Yakiwa mabaya, utayajua zaidi."

Kozi akaruka zake. Mama Pimbi akakaa na kifurushi mapajani, akifikiri.

Kesho yake aliteremka mpaka ukingo wa chemchemi, upande unakotoka upepo. Hakubisha hodi. Alifungua kifurushi tu, akaanza kuyapanga majani juu ya jiwe, moja moja.

Pua ya Kiboko ikatoka majini.

"Nini hicho?"

"Si kitu, Bwana Mkubwa. Ni majani ya wafalme wa Uchina."

"Lete."

"Nilete mangapi?"

"Yote."

"Ni yako yote, ningeyapeleka kwa nani mwingine? Ila yana desturi yake."

"Desturi gani tena?"

"Kwao hayabugiwi, huonjwa. Mwonjaji hukaa mbele ya watu, akaletewa vikombe viwili. Anasema kipi kizuri na kipi kibaya. Anatoa hukumu. Akishasema, neno lake halirudi. Huyo ndiye anayechukua majani yote."

Hilo la neno kutorudi Kozi hakulisema. Mama Pimbi alilitia mwenyewe, kama mpishi anavyotia chumvi bila kumwuliza mwenye nyama.

Kiboko akacheka, maji yakamwagika ukingoni. "Ulimi wangu ni mkubwa kuliko wewe na ukoo wako. Ataonja nani kama si mimi? Waite wote. Kesho."

Mama Pimbi akawaita wote. Kisha akapanda kwake, akaenda kwenye ufa. Gamba la konokono lilikuwa na maji. Akalichukua.

Kipimbi akainua kichwa. "Mama, hayo si yangu?"

"Ni yako, mwanangu."

"Unayapeleka wapi?"

"Nayaazima."

"Nikisikia kiu?"

Mama Pimbi alimsogelea. Akamlamba paji la uso, akamfunika kwa majani, akatoka. Alijua kwamba asipofanikiwa, atakaporudi mtoto hatakuwa na maji ya chemchemi yanayofaa wala haya ya ufa.

Wanyama walikusanyika kwenye jabali pana. Swala walikuja, kanga walikuja, Ngiri alikuja na midomo imemkauka. Kiboko alitoka majini, akakaa mbele, akajaza jabali.

Mama Pimbi alikuwa na vijungu viwili. Kimoja alikitia maji ya ufa. Kingine alikitia maji aliyoyateka asubuhi kwenye chemchemi na kuyachuja kwa nyasi, mpaka kwa macho yalionekana kama maji. Akawasha moto. Maji yakachemka, toko toko toko.

Kiboko akasema, "Tayari?"

"Bado, Bwana Mkubwa. Maji yana hasira. Yakikutana na majani sasa hivi, yatayaunguza."

Akavitoa vijungu motoni. Mvuke ukapanda.

"Tayari?"

"Bado, Bwana Mkubwa. Mvuke unakimbia. Tungoje utembee."

Mvuke ukatembea. Mama Pimbi akatia majani, kidogo huku, kidogo kule.

"Tayari?"

"Bado, Bwana Mkubwa. Majani yamesafiri, yanajinyoosha."

Yakajinyoosha kweli, yakafunguka, maji yakapata rangi ya jua la asubuhi. Akamimina kwenye magamba mawili ya konokono.

Kiboko akayatazama. "Hiki ni kikombe au ni chozi?"

"Ni kikombe cha kuonjea, Bwana Mkubwa. Nusa kwanza. Kisha tia ulimini, kaa nayo, usimeze haraka."

"Maziwa yako wapi?"

"Hayana maziwa."

"Kitu kitamu?"

"Kitakuja chenyewe, kikitaka."

Kiboko akachukua gamba la kwanza, la maji ya ufa. Akanusa. Akatia ulimini, akakaa nayo. Kwanza akakunja uso, maana uchungu mdogo ulimgusa. Kisha uso ukafunguka taratibu. Akameza. Akalamba midomo, akalamba tena.

"Kuna utamu nyuma yake," akasema, kwa sauti ndogo. "Umekuja baadaye."

"Na cha pili, Bwana Mkubwa."

Akachukua gamba la pili. Akanusa, akasita. Akatia ulimini, akakaa nayo kama alivyoambiwa. Macho yakamtoka. Akatema, pfuuu, mpaka kwenye miguu ya Ngiri.

"Hii imetiwa nini?"

"Majani ni yale yale," Mama Pimbi akasema. "Moto ni ule ule."

"Basi ni maji. Maji haya yanakaliwa na mtu. Nasikia jasho lake. Nasikia matope yake. Nasikia…" Hakumalizia, akafuta ulimi kwenye bega lake.

"Hukumu, Bwana Mkubwa. Wanangoja. Aliyeyachafua maji haya afanywe nini?"

Kiboko akanyooka, akajaa, akafurahia kutazamwa. "Atoke kwenye maji hayo. Yeye na ukoo wake. Asitie mguu humo tena, hata akiwa ni ndugu yangu wa tumbo moja. Nimesema."

Ndipo Ngiri akauliza, huku akijipangusa miguu, "Mama Pimbi, maji hayo uliyateka wapi?"

"Kwenye chemchemi. Leo asubuhi. Ubavuni pa Bwana Mkubwa."

Hakuna aliyecheka. Swala waliinua vichwa. Kanga waliacha kudonoa. Kiboko aliwatazama mmoja mmoja, na kila aliyemtazama hakukwepesha macho.

"Nilikuwa natania," Kiboko akasema.

"Ulimi wako ulikuwa hautanii," Ngiri akasema.

Sasa, Kiboko ana nguvu. Angeweza kuwakanyaga wote, Mama Pimbi wa kwanza, na Mama Pimbi alilijua hilo. Kiboko akageuka, akaenda zake chemchemini, akaingia mpaka shingoni, akafunua kinywa ili anywe, awaonyeshe kwamba maji ni mazuri tu.

Maji yakamgusa ulimi.

Jamani, ulimi ukishafunzwa haufunzuliki. Yale aliyoyasikia kwenye gamba la konokono sasa aliyasikia kinywa kizima. Alijionja mwenyewe. Akafunga mdomo. Akasimama humo kitambo, maji yakimtiririka mashavuni, kisha akapanda ukingo wa pili polepole, kama mzee aliyetoka mazikoni.

Mama Pimbi akamkimbilia na kifurushi. "Bwana Mkubwa, majani yako. Tulikubaliana."

Kiboko akakichukua kwa ncha ya mdomo, akashika njia ya kwenda kutafuta mto mkubwa, ambao maji yake hayasimami. Na mpaka leo, akiwa majini, hutoa pua tu nje. Mdomo ameufunga.

Nyuma yake tope likaanza kuzama. Likazama siku hiyo, likazama na siku zilizofuata, mpaka mawe ya chini yakaonekana. Mama Pimbi alikuwa wa kwanza kuteka.

Hadithi yangu imefika chini ya kikombe. Utamu uliobaki ni wenu, makapi ni yangu.

Nyungo zilikuwa zimesimama, mchele haujachambuliwa. Nikaona nimepata nafasi ya kulinda heshima yangu, nikawapa funzo, kwa sauti ya mtu aliyetembea.

"Basi, ndugu zangu, hadithi hii inatufunza kwamba ukipewa kitu na mwenyeji, meza. Usionje, usinuse, usitoe hukumu. Kiboko angemeza tu kama mtu mwenye adabu, angekuwa na chemchemi yake mpaka leo."

Kombo akafungua mdomo anijibu. Mama mkwe akamnyamazisha kwa kiganja, akanitazama.

"Mtoto alipona?"

"Alipona, mama."

"Basi yamekwisha. Hayo mengine kaongee na Kiboko."