Makali Yaliyokatwa Kwenye Kinanda

Wapendwa, nisikilizeni. Katika usharika mmoja alikuwapo mpiga kinanda aliyeitwa Elikana. Kinanda chake kilikuwa cha umeme, cha aina ile inayokuruhusu kuitengeneza sauti mwenyewe, na yeye aliipenda iwe kali, ing'ae. Akianza tu, watu wanasimama.

Kwayani alikuwamo Mama Nuswe. Alikuwa amepasuliwa koo, na sauti iliyobaki ilikuwa nyembamba, ya kukwaruza. Binti yake alikuwa anaolewa.

"Mwanangu," akamwambia Elikana, "nitamwimbia. Hata ikitoka nusu, nitamwimbia."

Wakafanya mazoezi. Kinanda kikammeza mama. Elikana akapunguza sauti mpaka ikawa kama mnong'ono. Sasa mama hakuwa na pa kushika, wimbo ukamponyoka. Akakaa chini akitweta.

"Turudie," akasema.

Ninyi mngefanya nini? Wengi tungemwambia, "Mama, mwachie mwingine."

Elikana akashika kitufe cha kichujio. Kichujio hakipunguzi sauti yote. Huzuia yale makali ya juu na kuuacha uzito wa chini upite. Akakizungusha taratibu huku mama akiimba, mpaka ule mng'ao wote aliosifiwa nao ukaisha. Ikabaki sauti nzito, laini, na juu yake nafasi tupu. Sauti ya mama ikaingia pale pale.

"Watu watasema umesahau kupiga," mama akamwambia.

"Waseme, mama. Wewe imba."

Siku ya harusi mwalimu wa kwaya akampungia mkono: ongeza! Elikana akatikisa kichwa. Mama akaimba mpaka ubeti wa mwisho. Bibi harusi akavua viatu, akakimbia kumkumbatia, na kanisa zima likalipuka kwa vigelegele.

Na mpiga kinanda je? Mzee mmoja wa kanisa akamwinamia sikioni: "Pole, kijana. Naona leo kinanda kimeharibika."

Mnacheka! Lakini sisi tukiambiwa tunawafunika wenzetu, tunafanya nini? Tunanuna. Tunasusa. Tunanyamaza kabisa, halafu tunauita huo unyenyekevu. Ndugu yangu, mkeo hakukuomba unyamaze. Mwanao hakukuomba uondoke mezani. Anakuhitaji uwepo, ila kuna kitu ndani ya sauti yako kinachomziba. Unakijua, usinitazame mimi. Kikate leo, hata kama ndicho watu wanachokusifia. Kisha baki, umshikilie.