Kaburi la Bibi Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakilalia mikeka kama sisi, jua liliwaka mpaka mito yote ikakauka. Likabaki bwawa moja tu, na Tembo na Kifaru wakalikalia.

Bibi Pimbi, mdogo wa kutosha kwenye kikapu, alikuwa na wajukuu waliokauka ndimi. Akawaendea wakubwa wale. Hata shikamoo hawakumpa!

"Wanangu, chemchemi ya mababu imefukiwa na mchanga tu. Tuichimbeni, maji yapo."

"Tuchimbe sisi?" Kifaru akacheka. "Hiyo kazi ya fuko!"

"Basi nipeni kata moja. Wajukuu wanakufa."

"Toka hapa!"

Bibi akarudi nyumbani, moyo ukimuuma. Akamnong'oneza mjukuu wake Chausiku, kisha akajilaza, akajiviringisha ndani ya mkeka.

"Uwiii!" Chausiku akapiga yowe. "Bibi amefariki!"

Haya, msiba ni msiba. Kwao, anayekataa kuchimba kaburi la mwenzake, siku yake naye hazikwi. Tembo na Kifaru wakaja, vichwa chini.

"Ameacha wasia," Chausiku akasema kwa kwikwi. "Azikwe kwenye chemchemi ya mababu. Na shimo limzidi Tembo kimo, Fisi asije akamfukua."

"Maskini bibi," Tembo akasema. "Na maji tulimnyima."

Wakambeba mpaka chemchemini, wakamlaza kando. Mkekani, viroboto walikuwa wakimtafuna Bibi, naye hathubutu kujikuna. Akatega sikio. Puu! Puu! Kifaru anachimba kwa pembe, Tembo anazoa mchanga.

"Halijatosha?" Kifaru akauliza.

"Bado!" Chausiku akajibu. "Fisi yule mnamjua."

Puu! Puu! Mara, chwap! Bibi akaacha kupumua. Kisha, bubujubuju!

"Maji!" Kifaru akapiga kelele. "Yamenifika magotini! Sasa tutamzika wapi?"

"Msinizike, nitekeeni!" mkeka ukajibu.

Tembo akageuka akimbie, akateleza, tii! Chali topeni. Bibi akachomoza, kata mkononi.

"Wajukuu kwanza. Marehemu atafuata."

"Umetudanganya, ewe kizee!" Kifaru akafoka.

"Kweli kabisa. Haya, fukieni."

Kifaru akayatazama maji. Akamtazama Tembo. Akainama, akanywa mpaka tumbo likamjaa, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Nami hapo nimekata kiu, nanyi shikeni hili: asiyechimba kisima mapema, atachimba kaburi.