Bei ya wa Mwisho

Nianze nisianze?

— Anza, masikio tumeyatega!

Hapo zamani za kale, wanyama wa Kilima cha Mawe walikuwa na umeme wao. Fisi aliufua kwa jenereta yake, nayo ilikunywa mafuta kama mlevi, basi akauuza sokoni kwa vibaba vitano vya mtama.

Siku moja Pelele, yule pimbi mpenda kuota jua, akatandaza paneli za umeme wa jua pale pale mwambani alipozoea kujilaza. Akaenda sokoni.

"Jua sikulinunua," akasema. "Umeme wangu ni kibaba kimoja."

Mama Kanga akafurahi. Mashine yake ya kuangulia mayai ilikuwa ikimmalizia mtama wote ghalani.

Kobe, bwana soko, akakohoa. "Sheria yetu mnaijua. Wa bei ndogo hununuliwa kwanza. Umeme wake usipotosha, tunamwongeza wa bei kubwa. Na bei ya wa mwisho ndiyo bei ya wote."

Wa Pelele haukutosha. Fisi akaongezwa. Fisi akalipwa vitano, Pelele naye vitano.

Pelele akaona haya. Kisha akauonja ule mtama, haya ikamtoka.

Siku ya pili akaongeza paneli. Bado haukutosha. Vitano!

Siku ya tatu akaongeza paneli nyingine, na sasa umeme ungetosha. Lakini Fisi alimwahi mwambani, anacheka. "Ndugu yangu, ukinifukuza mimi sokoni, utarudi kwenye kibaba kimoja. Zifunike mbili tatu kwa majani, tule sote."

Pelele akazifunika.

Adhuhuri Mama Kanga akapanda mwambani na kapu lake. "Baba Pelele, mtama umeniishia, mashine nimeizima. Naomba mayai yangu yalale hapa penye joto."

Akayapanga moja moja. Akayaona majani. Akamtazama Pelele, akashuka zake.

Siku hiyo Pelele hakuugusa mtama wake.

Kesho yake akafunua paneli zote. Umeme ukatosha, bei ikawa kibaba kimoja kwa wote. Fisi akarudi kwake na jenereta mgongoni, hacheki. Huitwa siku za mawingu tu, na siku hizo bei hupanda.

Mayai yalikuwa kumi. Yakaanguliwa manane.

Basi wenzangu, neema ya bure ukiificha ili upate zaidi, anayelipa ni jirani yako.

Hadithi yangu imefika mwisho. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.