Swali Chini ya Mstari wa Kijani

Ti.

Mlio mmoja tu, usiku, katika ukumbi wa kusubiria wa hospitali moja kule kwenye baridi, kwenye milima ya chai. Haukuwa mkubwa. Mlinzi hakugeuka. Mzee mmoja aliyekuwa amejilaza kwenye benchi, kajifunika koti, ndiye aliyefumbua macho. Akatazama skrini iliyotundikwa ukutani, akaona mstari wa kijani bado unasogea. Akasema moyoni mwake, kazi inaendelea. Akalala tena.

Wapendwa, ushikeni mlio huo. Tutaurudia.

Mzee yule alikuwa na binti mgonjwa. Mwili wa binti ulikuwa umeacha kutengeneza damu, na madaktari walisema atapona akipewa uboho, ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa, kutoka kwa mtu anayefanana naye. Si kwa sura, kwa ndani. Basi kompyuta ya hospitali ikapewa kazi ya kumlinganisha binti na watu wengi mno waliojitolea, kisha na jamaa zake. Ni kazi ndefu. Jua lingezama na kuchomoza kabla haijaisha.

Nanyi mnajua kusubiri kunavyomfanya mtu. Jamaa za wagonjwa waligonga mlango wa chumba cha kompyuta bila kukoma. Bado? Imefika wapi? Fundi wa pale, msichana mwenye huruma, alichoka kuwajibu kwamba hajui. Akawatengenezea mstari. Mmeuona kwenye simu zenu mnaposhusha wimbo: mwembamba, unajaa kidogo kidogo mpaka mwisho. Ila wa kwake ulikuwa na jambo la ziada. Kila familia ingeuchagulia rangi yake, na neno la kuandikwa juu yake. Aliona kwamba mtu akisubiri mbele ya kitu alichokichagua mwenyewe, moyo wake unatulia.

Familia hii akaionyesha nyekundu kwanza. Dada wa mzee, shangazi wa mgonjwa, mwanamke asiyeishiwa maneno hata msibani, akamwambia, "Mwanangu, damu ndiyo iliyotuleta hapa, usituongezee nyingine. Tupe kijani. Kijani cha chai changa, sio hicho cha sweta za shule."

Wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu wafike. Mzee naye akachagua neno. Akasema liandikwe: Tunakaribia.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na jambo dogo. Fundi alipokuwa akiingiza habari za jamaa, mzee alijibu kila alichoulizwa, mpaka walipofika kwenye ndugu wa tumbo moja na mgonjwa. Hapo akageuka akatazama dirishani. "Endelea na mengine, binti," akasema. Fundi akapaacha wazi, akaendelea.

Maana ndugu alikuwapo. Kaka wa mgonjwa, mzaliwa wa kwanza. Siku walipomzika mama yao, kijana huyo alisimama mbele ya waombolezaji akamwambia baba yake kwamba mama angekuwa hai kama angeletwa hospitali mapema. Mzee akamwamuru aondoke. Picha yake ikashushwa ukutani, jina lake likapigwa marufuku, na binti, aliyekuwa bado mdogo, akajifunza kumwita "yule". Miaka ikapita hivyo. Watu wa nyumba moja, wakila chakula kimoja, wakizunguka neno moja kama mnavyozunguka shimo njiani.

Turudi hospitalini. Asubuhi mstari ulikuwa umejaa. Kijani kitupu, toka mwanzo hadi mwisho. Shangazi alikwishaanza kukunja vitenge. Lakini jibu halikuja. Wakasubiri. Mstari umejaa, jibu hakuna. Mzee akaenda kugonga mlango, dada yake nyuma yake.

Fundi alikaa kwenye kiti chake, akauondoa ule mstari kwenye skrini. Chini yake palikuwa na maandishi. Alipoyasoma akashika kichwa. Naye hakuficha. Akamweleza mzee kwamba alikosea: mstari ule aliufunga kwenye saa, hakuufunga kwenye kazi. Saa iliposogea, nao ulisogea. Tena aliuweka mahali palepale ambapo kompyuta huandika ikitaka kuuliza.

"Baba, kazi ilisimama usiku," akasema. "Iliita mara moja, ikauliza swali, na mstari wangu ukalifunika. Tangu hapo inasubiri."

Mzee akaukumbuka ule mlio. "Imeuliza nini?"

Akamsomea. Ndugu wa tumbo moja na mgonjwa: jina?

Hapo niacheni nimsimamishe mzee kidogo mlangoni, niseme na sisi.

Ni nini kinachousukuma mstari wetu? Jumapili inapita, unasogea. Kwaresima inapita, unasogea. Tumeimba, tumefunga, tumechanga, tumevaa sare ya kwaya, na mtu akituuliza hali tunasema tunaendelea vizuri. Rangi tumechagua wenyewe. Neno tumeandika wenyewe: Tunakaribia. Lakini kalenda ikisogea, je, na moyo umesogea? Au kazi ilisimama zamani, usiku fulani, pale Mungu alipotuita mara moja, kwa sauti ndogo, akauliza habari za mtu, nasi tukatazama kijani chetu tukalala?

Sikulaumu kwa kuutaka mstari. Kusubiri ni kugumu. Nakuomba tu uuondoe leo, uone kilichoandikwa chini yake. Huenda si dhambi ya kutisha. Huenda ni nafasi moja iliyoachwa wazi, ya ukubwa wa jina.

Na mtu asifikiri mwingine atamjazia. Mzee alimgeukia dada yake kwa macho, kama kumwomba aseme yeye. Shangazi, yule asiyeishiwa maneno, alitikisa kichwa. Kisha akasema taratibu:

"Kaka, nikilitaja mimi, atakuja atoe uboho aondoke. Ukilitaja wewe, atakuja nyumbani."

Binti mgonjwa alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, anasikia yote.

Fundi aliweka vidole juu ya vitufe, akangoja. Mzee alivua kofia yake. Akajaribu, akajaribu tena, kama mtu anayefungua mlango wa chumba kisicholalwa.

"Gwakisa," akasema.