Pini Isiyokatika na Mguu wa Waziri

Hapo zamani, si ile zamani ya sungura kusema na fisi kujibu, bali hii ya karibu karibu, masultani walipokuwa wangali na viti vyao na mashine za boti zimekwisha kufika pwani, palikuwa na mji uitwao Mkondoni, na sultani wake jina lake Mwinyi Hatibu. Alikuwa mtu mwema akiwa ameshiba, na mkaidi nyakati zote. Mama yake, Bi Mkubwa Mwanakheri, alikataa kukaa kasrini kwa sababu ya kelele za matarumbeta, akahamia ng'ambo ya mkondo katika nyumba yake mwenyewe, na kila Ijumaa baada ya swala Sultani huvuka kwenda kumwamkia.

Basi Sultani alikuwa na boti iliyopakwa rangi nyekundu na dhahabu, na nyuma yake imefungwa mashine ambayo ikinguruma, kunguru wa mji mzima huruka. Lakini mkondo ule una mawe. Na katika mashine za namna ile, kati ya propela na shafti inayoizungusha, pana pini ndogo ya shaba laini, haizidi kidole cha mtoto. Propela ikigonga jiwe, pini hukatika. Hapo mashine huendelea kunguruma lakini boti haiendi, naye Sultani hubaki katikati ya maji na kilemba chake na wapiga ngoma wake, mpaka watu waingie majini na kamba wamvute.

Na Bi Mkubwa alikuwa akimngoja ufukweni na mwavuli wake. "Mwanangu," husema, "leo tena umekuja kwa kamba? Mbuzi wangu amekuja kwa miguu yake."

Neno hilo lilimchoma Sultani hata akawa halali vizuri siku za Alhamisi. Akamwita waziri wake, Mwinyikondo, mtu wa kanzu nyeupe na majibu ya haraka, ambaye tangu aingie kazini hakuna aliyemsikia akimwambia Sultani hapana. Sultani akasema, "Waziri, pini hizi zatoka kwa walioitengeneza mashine yenyewe, na kila juma zakatika. Ni watu gani hawa wanaotengeneza kitu kibovu na kukitia katika sanduku zuri?"

Waziri akainama. "Maulana, ni wazembe. Nipe ruhusa, nitakufulia pini isiyokatika."

Akaenda kwa mhunzi wake, akachukua chuma kigumu kilichotoka katika springi ya lori, wakakikata na kukinoa kwa umbo lile lile la pini ya kiwandani, hata ukiziweka pamoja huwezi kuzitofautisha ila kwa uzito. Ijumaa ile ilikuwa siku ya bamvua, maji yamejaa, mawe yote yamefunikwa futi nyingi, na Sultani akavuka bila kugusa hata mchanga. Kwa furaha akasahau kuwa maji yalikuwa mengi, akaisifu pini. Kesho yake mpiga mbiu akazunguka mji: kila mwenye mashine aitoe pini ya kiwandani, achukue ya Waziri, na atakayeonekana na ile inayokatika, boti yake na mashine yake zitakuwa mali ya kasri.

Ikawa watu wakapanga msururu barazani kwa Waziri, wakapokea pini na kumshukuru, ndivyo alivyopenda. Lakini siku hazikuwa nyingi mashine za mji zikaanza kufa. Hapa moja, pale moja, na kila aliyefiwa alificha, akisema mashine yake imepumzishwa. Ukipita ufukweni ungedhani ni siku ya Idi, boti zote zimelala na wenyewe wamekaa juu yake wakitazamana.

Boti moja tu ndiyo iliyokuwa ikienda na kurudi, nayo ilikuwa ya Machano. Huyu Machano alikuwa maskini, hana kitu duniani ila boti kuukuu, mashine iliyokwisha rangi, na mkewe Bi Mize. Watu walimwita Machano Ulivyosema, kwa sababu alitii maneno kama yalivyotamkwa. Siku moja tajiri mmoja alimwachia sufuria la biriani jikoni akamwambia, "Asiliguse mtu mpaka nirudi." Tajiri aliporudi alikuta moshi hadi barabarani, na Machano amekaa mlangoni amefurahi, sufuria halijaguswa na mtu. Kwa hiyo wengi walimhesabu mjinga, naye hakuwasumbua kwa kuwasahihisha.

Bi Mize alimwambia, "Mume wangu, tia pini ya Waziri. Boti hii ikichukuliwa tutakula nini, hewa?"

Machano akasema, "Nikiitia, mke wangu, tutakula hewa kesho kutwa. Nikiacha, labda tutakula samaki mpaka nikamatwe." Bi Mize akalia kidogo, kisha akampa maandazi ya njiani.

Naye akakamatwa siku ile ile. Alikuwa amegonga jiwe mbele ya askari wa kasri, pini ikakatika, akatoa nyingine kwenye kopo la majani ya chai, akaibadilisha papo hapo huku akipiga mluzi. Askari wakamtazama mpaka akamaliza, wakampeleka barazani.

Sultani akasema, "Machano, hukusikia mbiu?"

"Niliisikia, Maulana, na sauti ilikuwa nzuri."

"Mbona watumia pini mbovu?"

"Maulana, hukatika pini, mashine ikabaki. Mimi sina mashine ya pili, lakini pini ninazo kopo zima."

Waziri akacheka kwa dharau. "Maulana, huyu hagongi mawe kwa sababu ya pini, bali kwa sababu hajui kuendesha. Mkondo huu mimi nimezaliwa kando yake. Hakuna jiwe humo ambalo mguu wangu haulijui."

Sultani akapendezwa na maneno hayo, akakata hukumu. "Sikiliza, Machano. Ijumaa hii maji yatakuwa yametoka. Utafunga pini yako ya kiwandani katika mashine yangu, nami nitavuka kwenda kwa mama yangu, wewe ukiendesha. Ikifika nzima, boti yako utabaki nayo. Pini ikikatika, boti ni ya kasri, na wewe utakwenda kutafuta mji mwingine wa kukatia pini."

Watu wakainamisha vichwa, maana maji yakitoka mkondo ule huwa mawe matupu, na hakuna aliyewahi kuvuka bila kugonga. Lakini baraza la Mkondoni lilikuwa na desturi yake tangu mababu: mtu akiwekewa sharti hupewa ombi moja, na ombi hilo halikataliwi. Sultani akasema, "Omba."

Machano akafikiri, akasema, "Naomba mguu wa Mheshimiwa Waziri."

Mnyongaji, aliyekuwa akisinzia nyuma, akafumbua macho. Waziri akarudi hatua moja.

"Ukiwa bado na mwenyewe, Maulana," Machano akaongeza. "Amesema mguu wake unayajua mawe yote. Mimi siyajui. Basi naomba mguu huo utangulie mbele ya boti, uyatafute, na ukilipata moja mwenyewe aseme 'jiwe', nami nitapinda."

Sultani akatazama dari muda mrefu ili asicheke. "Ombi halikataliwi," akasema.

Basi Ijumaa ikafika. Machano alifunga pini mbele ya watu wote, na Bi Mize alikuwa amesimama ufukweni ameshika vitambaa vyao viwili na chungu, tayari kwa lolote. Waziri akapandisha kanzu, akaingia majini mpaka kiunoni, na boti ikamfuata polepole.

Hatua za mwanzo alitembea kwa maringo, akipunga mkono kwa watu. Kisha goti lake likakutana na jiwe la kwanza. Akaushusha ule mkono kwa aibu.

"Waziri," Sultani akauliza kutoka kwenye mto wake wa kuegemea, "hapo pana nini?"

"Jiwe, Maulana."

Machano akapinda. Hatua nyingine tano, jiwe. Hatua mbili, jiwe. Ikawa mkondo mzima ni "jiwe, Maulana, jiwe, aa, mama yangu, jiwe," na wapiga ngoma wakaanza kumfuatisha bila kutaka, hata ikawa ngoma nzuri sana. Ilionekana wazi kuwa mguu ule haukujuana na jiwe hata moja, lakini siku hiyo ulijulishwa kwa yote. Boti ikazunguka huku, ikapita kule, ikafika ng'ambo kwa mashine yake yenyewe, na Sultani akashuka mkavu tangu kilemba hadi viatu.

Bi Mkubwa alikuwa hapo na mwavuli. Machano akaitoa pini, akamwekea kiganjani. Bibi akaigeuza, akaiuma kwa jino moja alilolitumainia, akasema, "Nzima." Na ng'ambo ya pili Bi Mize, aliyekuwa akitazama kwa mbali, akakitua chini chungu.

Sultani akafurahi, akala ubwabwa wa mama yake, akasifiwa kwa kuja kama mtu mzima. Lakini saa ya kurudi ilipofika Waziri, miguu imevimba na ina rangi ya zambarau, akajitupa mbele yake. "Maulana, nihurumie. Funga pini yangu mimi. Hiyo haihitaji mtu wa kutangulia."

Sultani akamgeukia Machano. "Wasemaje?"

"Nitafunga utakavyosema, Maulana. Lakini nasema mbele ya Bi Mkubwa ili nisije nikalaumiwa. Pini ile sina shaka nayo, itafika. Ninaiogopea mashine."

"Maneno ya mtu mwenye wivu," akasema Waziri, akapanda botini kabla hajaambiwa.

Sultani akakubali, Machano akafunga pini ya chuma, boti ikaondoka kwa kasi, bendera ikipepea. Hawakufika katikati. Propela ikagonga jiwe, na pini, kama ilivyoahidiwa, haikukatika. Lakini kitu kilipaswa kukatika, kwa kuwa jiwe halikusogea, na ndani ya mashine kukasikika sauti ya vyungu vinavyoanguka kutoka rafuni. Meno ya gia yakasagika yote, mafuta yakaelea juu ya maji yakimetameta, na mashine ya Sultani ikanyamaza na haikunguruma tena siku hiyo.

Machano akainama nyuma, akaichomoa pini, akaifuta kwa shuka, akampa Sultani kwa mikono miwili kwa adabu. "Maulana, ni nzima kabisa. Haina hata mkwaruzo. Mheshimiwa Waziri alisema kweli."

Sultani akaitazama pini, akaitazama mashine, akamtazama Waziri. Kutoka ufukweni ikaja sauti ya Bi Mkubwa, nyembamba lakini yasikika: "Mwanangu, kamba iko wapi?"

Hapo Sultani akashindwa kujizuia, akacheka mpaka kilemba kikaanguka majini. "Waziri," akasema, "kamba ni yako. Miguu yako sasa yayajua mawe." Na Waziri akaingia tena majini, akaivuta boti, na ngoma ikaanza upya.

Siku ya pili watu wa mji walipoona Sultani amecheka, wakajitokeza mmoja mmoja kusema habari za mashine zao. Sultani akaona haya kweli kweli, akaamuru hazina izitengeneze zote. Kisha akasimama na kusema kwa sauti ya mbiu, "Tangu leo, ni marufuku katika mji huu kutia kitu chochote kwenye mashine ila kilichotoka kwa walioitengeneza. Atakaye..."

"Jiwe, Maulana," akasema Machano.

Baraza likashtuka. Sultani akageuka taratibu. "Nini?"

"Mbele yako pana jiwe, Maulana. Mashine yangu mkono wa kuongozea nimeuchonga mimi kwa mti wa mkwaju, na kifuniko chake ni sufuria la yule tajiri wa biriani, alilitupa. Miaka inakwenda, havijanidhuru. Kitu cha kushika kwa mkono au cha kuzuia jua, mtu atie apendacho. Lakini kinachozuia maji yasiingie, na kile kinachokatika ili kikubwa kipone, hicho nakitafuta kwa aliyekitengeneza, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye kwa nini alikifanya laini. Ukipiga marufuku yote, maskini watapiga makasia."

Sultani akakaa. Akatabasamu. "Basi mbiu isitoke," akasema. "Na wewe, Machano, nikupe nini? Nikufanye waziri?"

"Hapana, Maulana. Uwaziri mkubwa mno kwangu. Nipe zile pini za chuma zilizobaki, mke wangu atazifanya vizito vya nyavu. Chini ya maji kazi yake ni kukaa tu, na kwa hilo hazina mfano."

Akapewa debe zima. Lakini Sultani akaongeza kiti kimoja kidogo kando ya kiti chake, na kila siku ya baraza Machano hukaa hapo, na amri ikianza kuharibika hukohoa na kusema "jiwe", naye Sultani hupinda. Mwinyikondo akaachiwa uwaziri wake, maana alijifunza kusema hapana, ingawa kwa muda mrefu kila aliposema hivyo alishika goti.

Habari hizo zikamfikia Bi Mkubwa ng'ambo, akasikitika. "Kiti amempa Machano," akasema. "Na mimi niliyekuwa nikikatika kama pini kwa ajili yake tangu akiwa mchanga?" Ijumaa iliyofuata Sultani akamletea kiti cha pili, akakibeba mwenyewe kichwani, akivuka kwa miguu, kwa sababu mashine ilikuwa bado kwa fundi.

Nami hekaya yangu nimeifikisha. Ikiwa umeona mahali imetiwa kiraka, ni mimi niliyekitia, na si mahali pa kuingiza maji.