Mtungi Aliyeacha Kutoa Jasho

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Aliyelala?"

"Hayupo!"

"Basi sogeeni motoni, niwape cha jikoni."

Hapo kale, vyombo vilipokuwa na midomo kama watu, palikuwa na mtungi jikoni kwa Bi Mize. Mtungi huyo alikaa pembeni, juu ya mchanga. Tumbo lake lilikuwa kubwa, na mwili wake ulitoa jasho mchana kutwa. Maji ya kunywa yalikaa ndani yake, baridi kama ya mvua.

Majirani zake walikuwa wawili. Wa kwanza ni Mbuzi.

"Mbuzi wa maziwa, mama?" aliuliza Saumu, mmoja wa watoto waliokaa motoni.

La, mwanangu. Mbuzi wa kukunia nazi, yule wa ubao, mwenye jino moja la chuma. Wa pili ni Kifumbu wa kukamulia tui, aliyesukwa kwa ukindu, matundu mwili mzima. Hawa ndio waliojiteua kuwa waamuzi wa uzuri.

Siku moja Mbuzi akamtazama Mtungi.

"Shoga, tumbo hilo! Umemeza nini?"

"Maji tu."

"Maji ya mji mzima? Nakwambia kwa sababu nakupenda."

"Na yeye ana jino moja!" akasema Kombo, mtoto mwingine pale motoni.

Ndiyo, baba, lakini jikoni hakukuwa na kioo.

Mtungi akaona haya. Bi Mize alipotoka, akajiinamisha, akamwaga maji nusu. Adhuhuri watu wa nyumba wakakosa maji ya kunywa. Mtungi akajitazama. Maji yamepungua, tumbo liko palepale.

Kesho yake ikawa zamu ya Kifumbu.

"Tumbo tumelizoea," akasema. "Lakini jasho hilo, shoga! Hutwangi, hupepeti, umekaa tu, na bado unalowa. Huoni haya?"

Aliyasema hayo huku tui likimchuruzika.

Mtungi akamwita Kata, kile kifuu chenye mpini cha kutekea maji.

"Ndugu yangu, nipake samli."

"Samli? Kwani wewe ni mkate?"

"Nipake!"

Kata akampaka shingo, akampaka tumbo, akampaka kitako. Vijitundu vyote vikaziba. Jasho likakatika. Mtungi akang'aa.

"Sasa umekuwa mtu!" wakasema majirani.

Mtungi akafurahi sana. Furaha yake ilidumu mpaka arubaini ya kuzaliwa mjukuu wa Bi Mize. Wageni walikuja, wakala wali wa nazi, wakaomba maji. Bibi mmoja akapiga funda, akatema.

"Mize! Hii ni chai uliyosahau kutia majani?"

Wageni wakacheka. Bi Mize akaingia jikoni, akaushika Mtungi. Mkavu, tena una joto.

"Mtungi huu umekufa," akasema. "Kesho nitauvunja, kitako kiwe cha kunyweshea kuku."

"Masikini!" wakasema watoto.

Mchana ule jiko likawa kama tanuri. Maana ubaridi wa pembe ile ulitoka kwa nani?

"Kwa Mtungi!"

Ubao wa Mbuzi ukapasuka, taa! Ukindu wa Kifumbu ukakakamaa, ukaanza kukatika.

"Dada Mtungi," akalia Mbuzi, "toa jasho kidogo, nakufa!"

"Jasho lipi? Lile la aibu?"

"Nani kasema la aibu? Ni huyu Kifumbu."

"Mimi? Si wewe uliyeanza na tumbo lake!"

Mtungi akawaacha wagombane.

"Kata," akasema, "nisugue."

Kata akamsugua kwa majivu na makumbi ya nazi. Akamsugua shingo, akamsugua tumbo, akamsugua kitako. Iliuma. Mtungi alilia, lakini hakusema basi. Kisha Kata akamtia maji, wakangoja. Magharibi, tone la kwanza likatokeza tumboni.

Asubuhi Bi Mize akaja na shoka. Akaugusa Mtungi, mkono ukalowa. Akateka maji, akanywa, akafumba macho.

"Kumbe u mzima!" akasema, akarudisha shoka uani.

Siku zikapita. Bi Mize akanunua jagi la bati, refu, jembamba. Mbuzi, na ufa wake, akamtazama Jagi juu hadi chini.

"Huyu mbona amekonda hivi? Kwao hakuna chakula?"

"Labda mgonjwa," akasema Kifumbu.

Jagi akajibana ukutani, mgeni wa watu. Mtungi akamwita.

"Njoo ukae kwangu, mwanangu, huku kuna ubaridi. Na wewe Mbuzi, na wewe Kifumbu, wenye kutia watu kasoro hukaa kule, karibu na meko. Hameni."

Wakaacha kumcheka Jagi. Hakuna aliyehama.

Basi wanangu, mwili wa mtu hauombi ruhusa kwa jirani. Na anayeucheka, mara nyingi yuko kwenye ubaridi wake.

Hadithi yangu imekauka hapo. Anayetaka nyingine, akateke mwenyewe.